KABURETA YA PIKIPIKI KUUKUU: KUITOA, KUISAFISHA NA KUIRUDISHA MAHALI PAKE



Karafuu ikishachumwa haimngoji mtu. Usiku huchambuliwa makonyo, na asubuhi yapasa iwe imetandazwa juani, juu ya jamvi au sakafu. Ikibaki mbichi ndani ya gunia siku mbili hupata joto, huchacha na kupauka, na mnunuzi huitambua kwa kuitupia jicho tu. Kwa sababu hiyo pikipiki ya mkulima, hata ikiwa kuukuu na taa yake imefungwa kwa mpira, ni chombo cha kazi sawasawa na kamba ya kuchumia na pakacha.

Msimu mmoja nilikuwa na magunia mawili ya karafuu mbichi katika shamba lililo mbali na barabara, upande wa Kengeja. Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya zamani, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Asubuhi ile iliwaka vizuri, lakini nilipoipandisha mlima ikaanza kukohoa na kupoteza nguvu, na kila nilipoachia resi ilinguruma yenyewe kama iliyokasirika. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliitazama kwa dakika mbili akasema, "Kabureta imekufa." Nikanunua mpya. Alipokwisha kuifunga, ugonjwa ukabaki vile vile. Siku ya tatu mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akitengeneza mota za mashua alichovya brashi katika maji ya sabuni, akaipitisha pale kabureta inaposhikana na injini, na papo hapo injini ikabadili sauti. Mpira mdogo wa duara, ambao bei yake haizidi vikombe vichache vya kahawa, ulikuwa umepasuka, na hewa ilikuwa ikiingia kwa wizi. Kabureta yangu ya kwanza haikuwa na ila yo yote. Lakini karafuu zilikuwa zimekwisha kulala magunini usiku mbili.

Kabureta ya pikipiki ni nadra kufa. Aghlabu huchafuka, au hufungwa vibaya, na mtu anayeitoa bila ya kuangalia namna ilivyokaa huirudisha na ugonjwa mpya juu ya ule wa kwanza. Kazi hii mwanachama aweza kuifanya mwenyewe kwa saa mbili, mradi asiwe na haraka.

Nitaeleza habari za CG125 kwa kuwa ndiyo niijuayo. Pikipiki hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na Honda waliifanya kwa makusudi iwafae watu wasioweza kupeleka chombo kwa fundi kila mara. Vali zake husukumwa na fito badala ya mnyororo. Tangu hapo pikipiki nyingi zilizotengenezwa China zimefuata mfano wa injini yake, kwa hiyo haya yatawafaa wengi. Mwenye Vespa atakuta kabureta yake imefichwa ndani ya kisanduku chake chini ya kifuniko cha ubavuni, na mpangilio wake ni mwingine. Na mwenye pikipiki mpya ambayo petroli yake hurushwa kwa nguvu za umeme hana kabureta kabisa, basi asiitafute.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kabureta huchanganya petroli na hewa. Kila kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa, yaani hewa ya kujaza chumba kidogo cha kulala. Aliyewahi kutumia bomba la kupulizia dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono, amekwisha kuiona kabureta. Upepo unaopita kwa kasi juu ya mdomo wa mrija mwembamba huivuta dawa kutoka mkebeni, ikatoka kama ukungu. Katika pikipiki mvutaji ni pistoni ya injini inaposhuka. Koo la kabureta limefanywa jembamba katikati ili hewa iende mbio, na hapo ndipo petroli hupanda kutoka katika kikombe kilicho chini.

Ndani ya kikombe mna boya, kama lile la tangi la maji. Petroli ikijaa boya hupanda, na kijisindano kifupi kilicho juu yake huziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua boya hushuka na tundu hufunguka. Kutoka kikombeni petroli ina njia tatu. Injini inaponguruma polepole papo hapo, hupita katika jeti ndogo, yenye kitundu chembamba mno. Ukianza kuvuta resi, pistoni ya kabureta hupanda pamoja na sindano ndefu iliyochongoka, na petroli hupita kandokando ya sindano hiyo. Ukivuta resi mpaka mwisho, kiasi chake huamuliwa na jeti kubwa. Ukijua hayo, ugonjwa hujitaja wenyewe. Pikipiki izimikayo kila ukisimama lakini ikikimbia haina neno, huenda jeti yake ndogo imeziba. Ile iendayo vizuri mahali pa tambarare ikakosa pumzi mlimani na mzigo, tazama jeti kubwa.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba mkosaji ni kabureta. Fungua kifuniko cha tangi, kisha uendeshe kidogo. Ikiwa pikipiki imepona, basi tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na petroli ilikuwa haishuki kwa kukosa hewa nyuma yake. Toa plagi uitazame: nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli ni nyingi kupita hewa, nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni kidogo au hewa yaingia pasipo njia yake. Rangi ya udongo wa chungu kilichookwa ndiyo inayotakiwa. Pengo la plagi liwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Tazama na filta ya hewa. Barabara zetu za shamba zina vumbi jekundu jepesi kama unga, na filta iliyojaa vumbi huifanya injini inywe petroli kama iliyovutwa choki mchana kutwa. Mwisho, mimina petroli kidogo kutoka tangini katika gilasi safi, uiache itulie. Petroli inayonunuliwa katika chupa za kando ya njia mara nyingine huwa na maji, na maji utayaona chini ya gilasi, yamejitenga kama shanga. Kusafisha kabureta na kuirudishia petroli ile ile yenye maji ni kazi ya bure.

KUITOA

Chagua mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mbali na sigara, na mbali kabisa na karafuu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, bali hutambaa chini hadi ukute moto. Usifanye kazi hii usiku kwa koroboi wala kwa karabai. Ikiwa hapana budi, tumia tochi. Karafuu nazo hushika harufu upesi, na gunia lililorowa petroli hutapata wa kulipokea.

Tandika kitambaa cheupe katika sinia yenye ukingo. Sinia ni kwa ajili ya vitu vidogo vinavyoviringika, na weupe ni kwa ajili ya macho yetu sisi tuliopita miaka hamsini. Utahitaji spana namba 10, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa mbili, koleo, kopo la kumwagia petroli na brashi. Juu ya bisibisi ya nyota nina neno: vichwa vya parafujo za Kijapani havilingani barabara na kila bisibisi ya nyota, na bisibisi inayocheza hula kichwa kikabaki shimo tupu. Chagua inayojaa. Kabla ya kuzungusha, ikandamize, kisha ugonge kitako chake kwa nyundo mara moja mbili. Parafujo iliyoshikwa na kutu ya hewa ya chumvi hulegea kwa kishindo hicho kuliko kwa nguvu za mkono.

Futa kwanza uchafu wote wa nje. Udongo ulio juu ya kabureta, ukiifungua bila ya kuifuta, ndio utakaoingia ndani. Funga koki ya petroli. Legeza parafujo iliyo chini ya kikombe umwagie petroli katika kopo, na uitazame: ukiona maji, uchafu mwekundu wa kutu au utando wa manjano, umekwisha kupata nusu ya jawabu. Kisha chomoa mpira wa petroli. Usiuvute kwa mbele kwa nguvu. Uzungushe kwanza mahali pake mpaka utoke, maana mpira wa miaka mingi hupasuka upesi.

Zungusha kifuniko cha duara kilicho juu ya kabureta, uvute taratibu juu. Kitatoka na waya wa resi, springi, pistoni ya kabureta na ile sindano ndefu, vyote vikiwa vimening'inia. Sindano hii ikipinda haina dawa. Ikiwa huna haja ya kuvitenganisha, viviringishe katika kitambaa safi, uvifunge juu ya fremu mahali ambapo hutavigonga. Ukivitenganisha, angalia kibanio kidogo kilicho kichwani mwa sindano kimekaa katika mfereji wa ngapi kutoka juu, na uandike. Mfereji mmoja juu au chini hubadili petroli ya injini nzima: kibanio kikipandishwa, sindano hushuka na petroli hupungua, kikishushwa, petroli huongezeka.

Sasa legeza klipu ya mpira mnene unaounga kabureta na kisanduku cha filta, kisha fungua zile mbili zinazoishika kabureta mbele, upande wa injini. Zilegeze kidogo kidogo kwa zamu. Kabureta ikiachia, utaona kati yake na bomba la injini mna kipande cheusi kinachozuia joto, na mipira ya duara ambayo mafundi huiita oringi. Hapa simama. Angalia kipande kilikuwa kimeelekea wapi, na kila oringi ilikaa upande gani. Mwanachama mwenye simu yenye kamera apige picha. Ni faida kubwa ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Kisha ziba tundu la injini kwa kitambaa safi. Nati moja ikitumbukia humo, mazungumzo yetu ya kabureta yamekwisha, na yameanza mazungumzo ya kufungua injini.

Mwenye pikipiki ya mitungi miwili na kabureta mbili atumie sinia mbili, na asichanganye hata parafujo. Wakati wa kurudisha itamlazimu kuzilinganisha zifunguke pamoja, na kazi hiyo yataka kipimo. Hiyo ampe fundi.

KUIFUNGUA NA KUISAFISHA

Geuza kabureta chini juu, ufungue kikombe. Kikiwa kimeganda usichokoe kwa bisibisi pale kinapokutana na mwili, maana utaacha kovu na petroli itavuja hapo daima. Kigonge kando kwa mpini wa mbao. Kisha sukuma kipini kinachoshika boya, ulitoe boya, na ukikinge kile kijisindano kifupi kabla hakijaanguka. Litikise boya karibu na sikio: ukisikia petroli ndani limetoboka, nalo litazama badala ya kuelea. Ncha ya kijisindano nayo itazame kwenye mwanga. Ikiwa imefanya mstari mviringo ulioliwa haitaziba sawasawa tena, na petroli itafurika.

Kufurika huku si jambo la kuchezea. Petroli isiyozuiwa humwagika chini kwa mrija wa kutolea. Lakini mrija huo ukiwa umeziba, na koki imeachwa wazi usiku, petroli yaweza kupita mpaka ndani ya injini, ikateremka ukutani mwa silinda ikachanganyika na oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji, haisitiri chuma na chuma, na injini huliwa ndani ya safari chache. Kwa hiyo kabureta yako ikiwa ilikuwa ikifurika, chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Ukikuta harufu ya petroli, au oili imepanda kupita alama, imwage yote uweke mpya kabla hujapiga kiki. CG125 huchukua lita moja kasoro kidogo. Ni gharama ndogo kuliko pistoni.

Fungua jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wake. Jeti ni za shaba, na shaba ni laini. Katika kabureta nyingine jeti ndogo imegongomewa haitoki. Hiyo iache, itasafishwa palepale ilipo. Ipo na parafujo ya kurekebishia mlio wa chini, ubavuni mwa kabureta. Kabla ya kuitoa, ikaze kwa vidole taratibu mpaka iguse mwisho, huku ukihesabu mizunguko, na uandike: mzunguko mmoja na nusu, miwili, au vyo vyote itakavyokuwa. Usiikandamize mwishoni, ncha yake ni kama ya sindano ya kushonea na hukatika. Ndipo uitoe.

Mara nyingi adui utakayemkuta ni mmoja. Petroli iliyokaa kikombeni tangu msimu uliopita hukauka, ikaacha utando wa manjano unaonata kama ulimbo. Wengi wetu huegesha pikipiki mavuno yakiisha na kuigusa tena mikarafuu inapozaa, na kwa kuwa mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, ulimbo hupata nafasi ya kutosha. Ukiuona, jua kwamba kabureta haikuharibika, imelala tu. Iloweke katika dawa ya kusafishia kabureta, au katika petroli safi ukikosa dawa, lakini kwanza ondoa kila kilicho cha mpira, kwa kuwa dawa hizo huvimbisha mpira. Kisha sugua kwa brashi ya meno kuukuu.

Matundu ya jeti usiyachokoe kwa waya wa chuma. Naona nirudie hili, maana nimemwona mtu akitumia sindano ya cherehani naye akijiona fundi. Tundu la jeti limepimwa kwa sehemu ndogo za milimita; likikwaruzwa hupanuka, pikipiki hunywa petroli siku zote, na mwenyewe hatajua kwa nini. Chelewa iliyochongwa yaweza kusaidia jeti kubwa, na unyoya mmoja wa brashi ya nailoni jeti ndogo. Baada ya hapo pulizia kwa pampu ya upepo, kila tundu na kila njia, na uangalie kwamba upepo unatokea upande wa pili. Inua jeti kwenye mwanga wa mbingu: uone duara kamili lenye kung'aa, si mwezi mwandamo.

Ziko kabureta zilizokwisha kweli. Pistoni yake ina mikwaruzo mirefu na hucheza ndani ya nyumba yake. Au maji yalikaa humo mpaka maungo ya ndani yakafanya unga mweupe na mashimo. Au mahali pa kufungia pamevunjika. Hiyo badilisha, wala usipoteze siku. Lakini uione kwa macho yako mwenyewe kwanza.

KUIRUDISHA

Rudisha jeti, kijisindano na boya. Jeti zikazwe kwa mkono mmoja, hazikimbii. Boya lisigeuzwe juu chini, na ulimi wake usipindwe ovyo. Kila kabureta ina kipimo chake cha kimo cha petroli, na aliyeupinda bila ya kujua hufurisha au hukausha. Kabla ya kufunga kikombe, geuza kabureta kama itakavyokaa, inua boya kwa kidole, upulize kwa mdomo katika tundu la kuingilia petroli: pumzi isipite. Achia boya: ipite. Jaribio hili halichukui hata dakika moja. Gasketi ya kikombe ikae katika mfereji wake bila ya kujikunja. Parafujo ya mlio wa chini irudishwe kwa hesabu uliyoandika.

Sasa mahali palipoangamiza karafuu zangu. Weka jicho juu ya uso wa kabureta unaokutana na injini. Mafundi wengi hukaza nati mbili hizo kwa nguvu wakidhani ndio uhodari, na uso ule hupinda kama upinde: kingo mbili mbele, katikati nyuma. Upime kwa ukingo wa rula. Ukiona mwanga katikati, laza msasa laini juu ya kioo, uusugue uso huo taratibu kwa mduara mpaka uwe sawa, kisha uoshe kila punje ya unga. Oringi zilizokauka, zilizobonyea au zenye ufa zitupwe, hata kama ufa huo huuoni ila kwa kuzikunja. Usidanganyike kuziba kwa gundi au kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Petroli hula vyote viwili, na vipande vyake huvutwa ndani. Paka oringi mpya oili kidogo, ziweke, weka kile kipande cheusi kama kilivyokuwa, kisha kaza nati hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, mpaka zishike. Zikishika inatosha.

Mpira wa upande wa filta uvishwe ukazunguka mdomo wote wa kabureta, wala usikunjike ndani upande wa chini ambako mkono haufiki. Hapo vumbi huingia bila ya kupita katika filta, na kwa vumbi letu silinda haitakaa sana.

Pistoni ya kabureta ina uso mmoja tu unaofaa. Ubavuni ina mfereji mrefu, na ndani ya kabureta mna ncha ndogo inayoingia katika mfereji huo. Sehemu iliyokatwa upande wa chini hutazama filta, si injini. Elekeza sindano katika tundu lake, teremsha pistoni, izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka uhisi imeangukia mahali pake. Ikigoma usiilazimishe. Funga kifuniko kwa mkono. Kisha, kabla ya kuwasha, vuta resi na uiachie: yapasa usikie pistoni ikigonga chini, tak. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, urudie. Mpaka mwisho kushoto, urudie tena. Waya uliobana utashika resi wazi katika kona, na kona hiyo yaweza kuwa juu ya daraja. Uwepo ulegevu wa milimita 2 hadi 6 katika mshiko wa resi.

Rudisha mpira wa petroli na klipu yake, fungua koki, ungoje dakika tano bila ya kuwasha. Tazama chini ya kikombe na mdomo wa mrija. Hata tone moja lisitoke. Likitoka, gonga kikombe polepole kwa mpini wa bisibisi, huenda kijisindano kimenata. Likiendelea, funga koki na uifungue upya.

Washa, uiache ipate moto kwa mwendo wa kama dakika kumi barabarani, maana injini baridi hairekebishiki. Kisha isimamishe ikinguruma. Geuza parafujo ya mlio wa chini robo kwa robo, huku na huku, mpaka upate mahali injini inapokwenda mbio zaidi na kwa utulivu, halafu ushushe mwendo kwa parafujo inayoishikilia pistoni, hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Asiye na kipimo asikilize: igonge taratibu bila ya kuzimika taa ikiwashwa. Mjue jambo moja linalowachanganya hata mafundi: parafujo ya mlio wa chini ikiwa upande wa filta hupima hewa, na kuilegeza hupunguza petroli, ikiwa upande wa injini hupima mchanganyiko, na kuilegeza huongeza petroli.

Na hapo chukua brashi na maji ya sabuni, upake pale ilipofungwa kabureta na bomba la injini, injini ikinguruma. Povu likivutwa ndani, au sauti ikibadilika, kuna mahali hewa inaiba. Zima, ufungue, utazame oringi. Pikipiki inayovuta hewa ya wizi huenda kwa moto mkali kuliko kawaida, na pistoni yake huweza kuungua ungali unajisifu kwamba inatumia petroli kidogo.

Mavuno yakiisha, nawe huna safari ya karibu, funga koki, uiache injini iwake mpaka izimike yenyewe, kisha legeza ile parafujo ya chini ya kikombe umwage kilichobaki. Kikombe kitupu hakifanyi ulimbo. Andika juu ya kipande cha karatasi kwamba koki imefungwa, ukifunge katika usukani, ama sivyo msimu ujao utapiga kiki nusu saa ukiilaumu kabureta.

Ile kabureta mpya niliyoinunua bure ingalipo, nimeifunga katika karatasi kavu ndani ya sanduku. Mwanachama mwenye CG125 ambaye ameifungua yake, akaikagua kwa namna niliyoieleza, akaikuta imekwisha kweli, na aje tuitazame pamoja kabla hajanunua nyingine.